Watanganyika wachache wa Makerere: kisa cha chama cha wanafunzi wakati wa vita

Mwaka 1943 Watanganyika wachache waliokuwa wakisoma chuo cha Makerere, Kampala, walianzisha chama wakakiita Tanganyika African Welfare Association. Ukilisoma jina hilo huoni cha kumshtua mkoloni. Ni ustawi tu, wanafunzi walio mbali na kwao wakijuliana hali. Lakini kabla wenyewe hawajaondoka Kampala walikuwa wamekigeuza kuwa tawi la African Association, chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambacho kuanzia 1948 kilijulikana kama Tanganyika African Association, yaani TAA, na mwaka 1954 kikazaa TANU.

Kisa hiki hutajwa kwa sentensi moja katika simulizi za maisha ya Mwalimu Nyerere, kisha msimulizi anakimbilia masomo yake ya Edinburgh na ukumbi wa Arnautoglu wa Dar es Salaam, alikochaguliwa rais wa TAA. Naona kinastahili kukaliwa kitako. Hapo ndipo baadhi ya wasomi wa juu kabisa wa Tanganyika walipokataa kubaki na chama chao peke yao. Uamuzi ule, kwa maoni yangu, ulitokana na watu wa tabia tofauti kukutana juu ya kilima kimoja wakati dunia inapigana.

Makerere ya wakati huo usiifananishe na chuo kikuu cha leo. Ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi 14, wakifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ikapendekeza iinuliwe iwe chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima, na baadaye chuo kikuu. Mkuu wa chuo wakati wa vita, George Turner, alikuwa ametoka kuongoza Marlborough, moja ya zile shule za bweni za watoto wa wakubwa wa Uingereza. Jengo kuu, lile lenye mnara ambalo kila mgeni wa Kampala hulipiga picha, lilijengwa mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto. Wanafunzi hawakufika mia tatu, wote wanaume, kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Kaulimbiu ya chuo ilikuwa wito wa kuwa wanaume, na hapakuwa na mwanamke darasani wa kuipinga.

Shahada haikutolewa. Mtu alisoma miaka yake akaondoka na diploma. Aliyesomea udaktari katika hospitali ya Mulago, hata akiwa hodari namna gani, aliajiriwa kuwa msaidizi chini ya daktari Mzungu. Aliyesomea ualimu alipangiwa shule na mshahara wake ulijulikana kabla hajafungua begi. Serikali za makoloni ziligharamia chuo ili zipate watumishi, na hazikuficha nia hiyo.

Vita viliubana mlango wa kwenda ng'ambo. Bahari ilikuwa na nyambizi za Wajerumani na Wajapani. Kwa hiyo kijana wa Kiafrika wa ukanda huu aliyefika Makerere kati ya 1940 na 1945 alikuwa amefika kileleni, na aliokutana nao pale walikuwa karibu kizazi chote cha wasomi wa nchi zao. Wakati huohuo vijana wa rika lake walikuwa wamevaa sare za King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wakapelekwa Abisinia, yaani Ethiopia, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, wakaishia Burma. Baada ya Wajapani kuiteka Malaya mwaka 1942, mpira ukawa adimu, na huko Tanganyika watu wakakusanywa kwa lazima kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mpira na mkonge. Mwanafunzi aliyerudi likizo kwa treni ya Reli ya Kati au kwa meli za Ziwa Victoria alipita katikati ya nchi iliyokuwa imeshikwa shingoni. Kisha akarudi kilimani, kwenye vitabu na chakula cha bweni. Sidhani mtu mwenye moyo angeweza kuishi hivyo miaka mitatu bila kujiuliza yeye amewekwa kando kwa ajili ya nini.

Sasa tuwatazame wenyewe.

Kambarage Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943 akiwa na miaka 21. Baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alikuwa mwembamba, mdogo wa umbo, na meno ya mbele yalikuwa yamechongwa kwa desturi ya kwao, kiasi kwamba alipocheka asili yake ilionekana waziwazi. Alitoka Shule ya Serikali ya Tabora, ambako viranja walipewa upendeleo kwa kuiga shule za Kiingereza. Yeye aliupinga upendeleo huo waziwazi, na baadaye akafanywa kiranja mwenyewe. Nadhani tukio hilo la Tabora linamweleza vizuri kuliko maelezo mengi yaliyoandikwa baadaye: aliweza kubishana na mfumo bila kutoka nje yake.

Mwaka wake wa kwanza chuoni alikuwa bado hajabatizwa. Alirudi Musoma likizo ya mwisho wa mwaka, na tarehe 23 Desemba 1943 akabatizwa katika misheni ya Nyegina, akawa Julius. Mwaka huohuo wa 1943 alikuwa ameshaandikia gazeti la Tanganyika Standard barua kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Zingatia kwamba huyu ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na gazeti lenyewe lilikuwa la walowezi na maofisa.

Mwaka uliofuata akaandika insha kuhusu uhuru wa wanawake. Aliyachukua mawazo ya mwanafalsafa John Stuart Mill juu ya kutiishwa kwa wanawake, akayapima kwa maisha ya Wazanaki aliyoyaona kwa macho yake. Mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa mtemi. Insha ikashinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Nataka msomaji akae hapa kidogo. Katika chuo kisicho na mwanamke hata mmoja darasani, kijana wa kitemi aliona kwamba huwezi kumlaumu Mwingereza kwa kuwatawala watu bila ridhaa yao huku nyumbani mwako mama analima shamba lisilokuwa lake. Alianza kuikosoa dhuluma kwenye boma la baba yake kabla hajafika kwa Gavana. Wanasiasa wengi walioanza na Gavana hawakufika nyumbani kamwe.

Hamza Mwapachu alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Mdigo wa Tanga, Mwislamu, naye pia aliyepitia Tabora, alimzidi Nyerere kwa miaka kadhaa na, zaidi ya umri, alimzidi kwa maisha. Alikuwa amesomea utabibu wa kusaidia madaktari na ameshafanya kazi serikalini kabla ya kurudi darasani. Alijua mshahara unavyopatikana na unavyokatwa, namna ofisa Mzungu anavyozungumza na mtumishi Mwafrika asubuhi akiwa hajanywa chai, na yanayozungumzwa na makarani jioni wakishafunga ofisi. Bweni la vijana wenye akili nyingi lina hatari moja: wanaweza kubishana mpaka usiku wa manane juu ya Afrika wasiyoifanyia kazi. Mtu mzima kama Mwapachu akikaa kwenye kikao cha namna hiyo mazungumzo yanabadilika, kwa kuwa anauliza jambo hilo litafanyika vipi, na nani, na kwa fedha gani. Makerere ya wakati wa vita ilikuwa na watu wazima wa aina hiyo, walioacha kazi wakarudi kusoma. Ukiwasoma kama wavulana wa sekondari utakosea kila kitu kuwahusu.

Wa tatu ni Andrew Tibandebage, kutoka Bukoba, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, Mkatoliki, rafiki wa karibu wa Nyerere katika ibada na katika siasa. Baada ya uhuru akawa balozi. Yeye hutajwa kama msaidizi wa hadithi ya mwingine, na huko ni kumpunja, kwa sababu chama kilikuwa cha kwake pia tangu siku ya kwanza. Kila kikundi cha watu wanaosema sana humhitaji mmoja wa kukishika kisitawanyike, na mwenendo wake wa baadaye, kwanza akifundisha bega kwa bega na Nyerere na kisha katika utumishi wa kidiplomasia, unanifanya niamini kwamba ndiye aliyekuwa na kazi hiyo.

Mzanaki, Mdigo na mtu wa Bukoba. Wakatoliki wawili na Mwislamu. Darasani walisoma kwa Kiingereza na mjini walizungukwa na Kiganda, ila wao kwa wao walikuwa na Kiswahili, na insha ile ya Nyerere juu ya wanawake aliiandika kwa Kiswahili.

Waliokuwa wamewazunguka nao walichangia, hata bila kukusudia. Mutesa II alitawazwa Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda mnamo Novemba 1942 akitimiza miaka 18, na badala ya kwenda kukaa kwenye ikulu yake ya Mengo tu, akaja kusoma Makerere mpaka alipoondoka kwenda Cambridge mwaka 1945. Fikiria hali hiyo: mtu ambaye Waganda humpigia magoti ni mwanafunzi mwenzako. Kwa Waganda siasa ilikuwa na kiti, na kiti kilikuwa na mtu. Wakenya nao walikuja na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Chama cha Wakikuyu, KCA, kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1940. Watanganyika hawakuwa na kabaka wa kumzunguka, wala kabila moja kubwa la kubeba kilio cha nchi nzima. Walikuwa na nchi iliyokuwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, iliyokabidhiwa Uingereza iitunze bila kuimiliki. Msomi aliyeijua sheria hiyo alikuwa na hoja mkononi ambayo Mkenya hakuwa nayo.

Tusiwaone wote kama wanasiasa pia. Kulikuwa na wachoraji na wachongaji. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake. Mkenya Gregory Maloba alijifunza uchongaji kwake wakati wa vita, na ndiye aliyekuja kuifanya sanamu ya uhuru iliyosimama Kampala mwaka 1962. Sam Ntiro wa Machame alifika 1944 akachora maisha ya kijiji cha Kilimanjaro, watu wakivuna, wakikata miti, wakijenga. Nawataja kwa sababu walikuwa wakilijibu kwa mikono swali lilelile ambalo wenzao walilijadili kwa maneno: je, elimu hii inatutoa kwetu, au inaturudisha kwetu kwa macho mapya?

Turudi kwenye chama. Nionavyo, wanafunzi hawa walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi na yenye heshima: kubaki na jumuiya ya wanafunzi na wahitimu wa Makerere, watu wachache wenye Kiingereza kizuri, wanaoandika maazimio na kuyapeleka kwa Katibu Mkuu wa Serikali. Wangesikilizwa kwa adabu. Serikali ilipenda kuzungumza na wasomi wachache inaowajua kwa majina na inaowalipa mishahara. Njia ya pili ilikuwa kujiunga na African Association, chama cha watu wa mjini. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu, na katibu wake Kleist Sykes. Wanachama walikuwa makarani, walimu wa shule za chini na wafanyabiashara, Waislamu kwa Wakristo. Kilikuwa na matawi bara, na tawi Zanzibar tangu 1934, lakini kwa miaka mingine kililala usingizi mzito. Kwa kijana aliyefundishwa na mwalimu mkuu kutoka Marlborough, kukaa kikao kimoja na karani wa bandarini na kumwita mwenyekiti hakukuwa jambo la kawaida.

Wakachagua ya pili. Nyerere mwenyewe alikuja kueleza kwamba walipogundua kipo chama tayari, waliona hakuna haja ya kingine. Maelezo yake ni mafupi na ya kiungwana, ila yanaficha uzito wa jambo. Mtu hukubali kujiunga na chama cha zamani kilicholala pale tu anapoamini kwamba waliokianzisha walijua walichokuwa wakifanya. Nina hakika, ingawa siwezi kuonyesha kikao chenyewe, kwamba Mwapachu alikuwa na sauti kubwa hapo. Mtu aliyekwisha kufanya kazi serikalini, mwenyeji wa mwambao, hakuhitaji kusimuliwa African Association ni nini. Nyerere alikuwa na hoja. Mwapachu alikuwa na watu. Kijana asiyekutana na mtu wa namna hiyo anaweza kumaliza chuo akiwa bingwa wa midahalo na asivuke hapo.

Ugeuzi huu ulikuwa na faida moja iliyoonekana baadaye tu. Tawi la Makerere likawa kama daraja: wahitimu walioenda Tabora, Bukoba, Tanga au Dar es Salaam hawakufika kama wageni wa kuanza upya. Walikuta tawi, wakaingia. Daktari Vedasto Kyaruzi, naye mtu wa Makerere, akawa rais wa TAA mwaka 1950, na katibu wake akawa Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist, aliyerudi kutoka vitani Burma. Yule aliyepelekwa msituni na yule aliyebakizwa darasani wakakaa meza moja. Sioni kama lingewezekana kirahisi hivyo laiti wasomi wangejitenga na chama chao.

Mwaka wa mwisho wa kizazi hiki pale kilimani haukuwa wa utulivu. Januari 1945 migomo ya wafanyakazi ilienea miji ya Uganda, bei zimepanda na mishahara imekaa palepale, na watu wakauawa. Chuo chenyewe kilihitaji ardhi ya kupanukia, na ardhi katika Buganda si jambo la kuguswa ovyo. Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa aliunga mkono sheria iliyoruhusu ardhi kutwaliwa kwa manufaa ya umma, ikiwemo ya Makerere. Lukiiko, baraza la Buganda, ikaipitisha. Tarehe 5 Septemba 1945, akienda kusali asubuhi, alipigwa risasi mlangoni mwa Kanisa Kuu la Namirembe akafa. Namirembe inaonekana kutoka Makerere. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani waliona kwamba hata nafasi ya wao kusoma ilikuwa na watu wanaoilipia, na kwamba mtu anaweza kuwa na nia njema na bado aonekane msaliti kwa wananchi wake. Leo bweni moja la chuo lina jina la Nsibirwa. Mwaka huohuo wanawake sita wa kwanza wakapokelewa, na ile kaulimbiu ya kiume ikabadilishwa ikawa ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo.

Kisha wakatawanyika, na hapa ndipo sehemu inayonigusa kuliko zote.

Nyerere alikuwa na nafasi mbili za kufundisha Tabora: shule yake ya zamani ya serikali, au St. Mary's ya misheni chini ya Padri Richard Walsh. Serikali ikamwandikia kumkumbusha kwamba miaka ya kufundisha misheni haitahesabiwa kwenye pensheni. Barua ile ndiyo iliyommalizia kusitasita. Akaenda St. Mary's, akafundisha biolojia na historia, Tibandebage akiwa mwalimu mwenzake, na akashika kazi za chama katika tawi la Tabora. Mwapachu alikwenda Cardiff baada ya vita kusomea ustawi wa jamii, akarudi kuwa ofisa wa serikali, akapangiwa Ukerewe.

Tarehe 17 Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa rais wa TAA. Miezi minne haikupita, mwezi Agosti, serikali ikatoa waraka unaowakataza watumishi wake kuwa wanachama. Kwa kalamu moja, wahitimu wengi wa Makerere, madaktari, walimu wa shule za serikali, maofisa wa ustawi, wakafungwa mdomo. Lile lengo la awali la chuo, kuzalisha watumishi, likafanya kazi yake hasa siku ambayo wakoloni walilihitaji. Nyerere, wakati huo mwalimu wa shule ya misheni Pugu, waraka haukumgusa. Yeye alisukumwa kuchagua mwaka 1955 tu, akaacha ualimu.

Mwapachu alibaki upande mwingine wa mstari ule. Wapo wanaosimulia kwamba hata kabla ya uchaguzi wa 1953 watu wa Dar es Salaam walimfuata Ukerewe kutaka ushauri wake juu ya kumpa Nyerere uongozi. Hilo linalingana na ninavyomwelewa: mkubwa wa bweni ambaye wadogo zake waliendelea kumfuata hata alipokuwa hawezi kusimama jukwaani. Tukiandika historia ya TANU tukaanza na mwaka 1954, yeye anaonekana pembeni. Tukiianza 1943, kwenye kilima cha Makerere, yeye ni miongoni mwa wenye nyumba, na ndiko ninakopendekeza walimu wa historia waanzie.